Hakuna Ishara

Saa tatu kasoro dakika kumi na mbili.
Sunderland, Januari. Jua limefika kazini sasa hivi, limechelewa,
linapita chini kwa chini, usawa wa dirisha,
na pazia la darasa letu lina kigwe kilichokatika tangu Krismasi.

Projekta ya darini imekufa.
Bwana Pettifer aliipandia ngazi,
akaigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole
kama abishaye hodi kwa mdaiwa,
akashuka. "Taa," akasema,
akaenda zake kumwaga chumvi kwenye barafu ya getini.

Basi nimeazima ile ndogo ya maktaba.
Nimepanda nayo ghorofani nimeikumbatia,
waya ukiburuzika nyuma yangu kama mkia.
Meza ni fupi; naiweka juu ya kamusi mbili
na atlasi kuukuu ambayo ndani yake Zaire bado ni nchi.

Picha inatua ukutani imepinda,
juu pana, chini nyembamba,
kama shati lililotundikwa kwa bega moja.
Nakunja tiketi ya basi, naisokomeza chini ya mguu wa kushoto.
Nazungusha pete ya lenzi: herufi zinavimba,
zinanywea, zinavimba tena,
zinakubali.

Kisha ukuta mzima unageuka buluu
na kutangaza, kwa lugha yake, jambo ambalo moyo wangu
umelitafsiri kabla sijauomba:
HAKUNA ISHARA.

Najua.
Tangu Ijumaa nalala na simu mkononi.
Mama yuko Tanga, hospitali ya Bombo, kitanda cha dirishani,
na Saumu, mdogo wangu, akiandika huandika "tuombe" tu,
bila nukta.

Waya wa kwanza una mdomo mpana kuliko tundu.
Wa pili unaingia, lakini hausemi.
Wanafunzi thelathini na mmoja wameshakaa.
Imogen anatafuna mkono wa sweta. Kieran amegundua vivuli:
sungura, mbwa,
kisha kitu ambacho nikikitaja nitaandikiwa barua.

Nazima. Nahesabu hadi kumi. Nawasha.
Na mto Wear unajaa ukutani, kahawia, wenye daraja lake.

"Tazameni kona hii," nasema. "Maji hula ukingo wa nje,
huenda kutapika mchanga ukingo wa ndani."
Nanyoosha mkono; mto unapita juu ya vidole vyangu,
unapinda penye saa ya mkononi.
Ndipo juu ya daraja, upande wa kulia,
kinachomoza kikaratasi cheupe, kikubwa kama mlango:

Saumu: Mama kaamka. Kaomba uji.

Nilisahau kutenganisha simu na kompyuta.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na haya yamemwagika mita mbili kwa moja.
Thelathini wanayasoma wasielewe.
Kieran anauliza kama hilo ni jina la mto.

Nyuma kabisa, karibu na kipasha joto,
Bisimwa, aliyekuja Septemba, mtoto wa Uvira,
ambaye wenzake wanaamini hana sauti,
anainua macho, halafu kidevu.

"Muzuri, mwalimu," anasema.
"Mugonjwa akilomba uji, iko anarudi."

Viti vyote vinageuka, vikikwaruza sakafu.
Sauti yake ni nzito kuliko nilivyoikisia,
sauti ya mtu aliyewahi kuupika uji huo.

Nakifuta kile kikaratasi. Si mara moja.
Feni inapuliza hewa ya moto juu ya kamusi,
vumbi linapanda katika mwale, linashuka.
"Tulikuwa wapi?" nauliza.
"Ukingo wa nje," anajibu Imogen.

Lakini jua limeupata upenyo wa pazia
na limeanza kuufuta mto kutoka kushoto,
daraja nusu, maji nusu.
"Bisimwa, nishikie pazia."

Anasimama. Analishika kwa mikono miwili,
hadi kengele.