Vali Sita

Haukupiga kelele.
Ulikatika kama uzi kwenye meno ya mshonaji,
tik,
na Hailaksi ikaenda yenyewe hatua mia, mia mbili,
kimya, kwa huruma ya mteremko,
mpaka mchanga wa kando ukaipokea.

Ipole tulikuwa tumeiacha nyuma.
Madumu thelathini na mawili ya asali,
nta kwenye viroba,
Mlekwa kwenye usukani, mimi na daftari langu la madeni.
Akawasha. Starta ikazunguka nyepesi,
nyepesi mno, kama baiskeli iliyochomoka mnyororo,
kama mtu anayekubali kila unachosema.
"Afadhali ingegoma," akasema Mlekwa.
Akawasha tena. Akawasha mara ya nne, ya tano,
nami sikumzuia. Nani alijua
kwamba kila tukibembeleza, kule ndani tunavunja?

Saa tisa nyuki walitufikia.
Harufu iliwaita kutoka miyombo ya mbali,
wakaja kudai chao.
Tukapandisha vioo.
Saa mbili nzima wenye mali walikuwa nje
na wezi ndani, wakitoka jasho,
hadi trekta la tumbaku likatuvuta kwa mnyororo.

Fundi Kashindye wa Isevya hakunikaripia.
Alifungua hedi, akatandika gunia,
akazipanga vali nane juu yake
kama mtu apangaye vijiko baada ya msiba
ajue vipi ni vya jirani.
Mbili zimenyooka.
Sita zimeinama, kila moja upande wake.
Akamulika pistoni kwa tochi ya simu:
kovu jembamba, mwezi wa siku ya kwanza.

"Hawa," akasema, "wanaishi chumba kimoja.
Huyu akipanda, yule anaondoka.
Mara elfu mbili kwa dakika, miaka yote hii,
hawajawahi kugusana.
Si kwamba nafasi ipo, mama. Nafasi haipo.
Ni zamu tu.
Na huu mpira ndio uliokuwa ukiwapigia zamu."

Akaninyooshea mkanda.
Meno yalikuwa yameng'oka hapa na pale,
gunzi lililotafunwa na mtu mwenye mawazo.

Mwezi wa tatu aliniambia.
Alisema mgongo umepasuka, lete elfu tisini.
Nilikuwa nayo.
Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga, naihisi ikinigonga kiunoni.
Lakini injini ilinguruma vizuri,
na mlango wa dereva ulikuwa na kutu,
na wateja wa Sikonge wana macho.
Nikapaka rangi.
Bluu, na maandishi ya njano:
ASALI YA NYAMIZI, TONE HALIDANGANYI.

"Usiniletee ule usemi wa ufa na ukuta," nikamwambia.
"Sijausema," akajibu, akifuta mikono kwa dizeli.
"Bei ya hedi ndiyo itausema."

Ikausema.
Milioni moja na laki saba, hedi ya mtumba,
ije na treni, ikifika.
Gasketi mbali, pistoni mbali, chai ya kijana wake mbali.
Madumu ishirini yakaenda sokoni kwa bei ya huzuni,
mnunuzi mmoja akilamba kidole, akasema ina moshi.
Haikuwa na moshi.
Nilikuwa mimi.

Vali moja niliiomba.
Naiweka juu ya daftari upepo usipeperushe kurasa.
Mlekwa akiuliza tutarudi lini Ipole
naizungusha mezani:
inakwenda, inachechemea, inaangukia ubavu.

Hedi bado iko njiani.
Jioni napita gereji kuiangalia Hailaksi,
boneti wazi, tumbo tupu, kuku wa jirani wamelala humo.
Mlango wa bluu unang'aa.
Ndio ninaouona kwanza.
Kila apitaye, ndio anaouona kwanza.