Nusu ya Wimbo

Fidla nambari tisa. Imeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe
kama sufuria za matanga, zisije zikapotea.
Nilitia sahihi fomu na unga mikononi:
*kikivunjika, mzazi atalipa.*
Sikuuliza kiasi gani.
Mtu haulizi bei ya asichokiweza.

Muhula mzima kabla ya hapo
Mbodze alishika boksi la viatu begani
na rula kwa upinde,
watoto thelathini na mmoja, fidla kumi na mbili,
ukumbi wa jamii, Chaani,
na Mwalimu Wakio akipita nyuma yao
akinyoosha viwiko.

Mvua za Mei zilipotoboa bati
fidla ilipanda kitandani,
sisi tukashuka mkekani.
Akaifunika leso yangu, ile ya
*Mgeni njoo, mwenyeji apone*,
nami nikacheka peke yangu gizani,
tone likinipiga kwenye goti.

Wiki ya kwanza paka wa jirani alihama.
Wiki ya pili Mzee Ruwa wa chumba cha nne,
mtu wa zamu ya usiku bandarini,
aligonga ukuta kwa kiatu.
Mbodze akatega sikio:
"Mama, mbona agonga nje ya mapigo?"

Jasho la mji huu hulegeza nyuzi.
Kila asubuhi husokota vigingi
akingoja malori yanayopanda kwenda Miritini.
Honi ya lori la saruji, asema, ni La kamili.
Na kile kijibao kinachobeba nyuzi
chaitwa daraja; ukikitoa, zote zalala.
Mimi huvuka madaraja mawili kila alfajiri
kufuata viazi Kongowea.
Sikujua kuwa daraja lina kazi ya sauti.

Lakini wimbo wenyewe!
Ta-ta. Kimya.
Ta-ta. Kimya kirefu,
kama mtu abishaye hodi nyumba isiyo watu,
angoja, abisha tena.
Miezi mitatu, karai ikichemka,
nikayajua mapengo yote kwa moyo.
"Ndio wimbo wote huo?"
"Ndio sehemu yangu."
Nikageuza viazi, nikanyamaza.
Nilidhani wamempa makombo.
Mtoto wa mkaanga viazi, nikasema kimoyomoyo,
hata sauti hupewa iliyobaki.

Siku ya onyesho, Tudor, nilivaa dera la kijani
na mikono inayonuka binzari nikaificha kwapani.
Alikuwa safu ya tatu, nyuma ya mvulana mrefu;
nilichoona ni kiwiko na ncha ya upinde.
Wa mbele wakaanza kitu nisichokijua,
kinapanda polepole
kama mtu wa ngazi aliyejitwika ndoo,
asimwage hata tone.
Kisha wakasita.
Na pale waliposita,

ta-ta.

Hodi yangu. Ile ile ya jikoni.
Na wa mbele wakaitika.

Ukumbi mzima, ni mimi tu niliyejua
itakuja lini tena.
Nilihesabu kwa kidole pajani, sikukosea hata moja.
Yeye alikosea: mara ya nane aliingia mapema.
Mwalimu Wakio hakugeuka.
Nikameza mate, nikaendelea kuhesabu.

Sasa fidla imefungiwa kabatini hadi Januari.
Nyumba ina nafasi nisiyoizoea.
Jana namenya viazi, nikajikuta navumisha
ile sehemu ya wa mbele,
ile ya ndoo na ngazi,
nikafika penye pengo, nikasita,
kisu hewani, ganda laning'inia.

Ukutani kiatu kikagonga mara mbili.

Mbodze akainua kichwa kutoka kwenye hesabu zake.
"Leo," akasema, "amepatia."