Kibao cha Mkunazi

Kila Ijumaa, ikishasaliwa Alasiri,
tunapanda mtaa wa juu wa Ibra, watu tisa,
wanne kukiwa na harusi.
Azzan, mstaafu wa umeme, ndiye mwenye funguo.
Muhanna hupima kuta kwa kimulimuli chekundu,
huzipa nambari kwa chaki, kama wagonjwa wodini.
Sisi wengine tunabeba:
ndoo za udongo na majani makavu,
na saruji, ile yenyewe, mama wa hili neno,
udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende,
si hii kijivu ya mfuko.

Nyumba ya tatu ilikuwa na ghala.
Tukatoa karabai isiyo kioo,
kiatu kimoja cha mtoto,
risiti zilizoliwa na mchwa hadi kwenye jumla,
na kibao cha kukunja, miguu imepishana,
mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno.

Yakazuka mabishano.
Muhanna: cha kukalia ukikamua ngamia.
Mwingine: cha fundi viatu.
Mtoto wa Azzan: cha kuadhibia watu!
Fomu ina safu tatu. Wakajaza ya kwanza:
Jina, halijulikani.

Mimi nilikuwa nafagia. Nilinyamaza
kama nilivyozoea tangu ile siku darasani
nilipoomba maji kwa lugha ya mama,
darasa likacheka mpaka kengele ikalia.
Jioni mama akasema, basi, Kiswahili kiwe cha jikoni.

Na hiki je? Si cha jikoni?
Nikaegemeza fagio, nikakusanya baibui,
nikakikalia ubavu, magoti upande mmoja,
nikakuna hewa kwa mikono miwili.
"Mbuzi," nikasema.
Azzan, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia samaki,
akageuka kutazama mlangoni.

Tulipomaliza kucheka ikabaki safu ya pili, Asili.
"Andika Unguja," alisema kwa upole,
kama mtu anayenirudishia changu.
Nikakigeuza kibao.
Mti wake ni mkunazi, huu huu wa bondeni,
ambao majani yake tunaoshea maiti.
Ulimi wake ni springi ya lori,
nambari za kiwanda bado zinasomeka.
Kuna fundi aliyeukata hapa, akautoboa hapa,
kwa ajili ya mke aliyeshindwa kula wali bila tui
katika mji ambao mnazi hauoti.
Nazi hana, mkunazi anao.
"Andika Ibra," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa.
Muhanna akaandika. Kwa kalamu ya wino.

Safu ya tatu, Matumizi, wakataka kuona kwa macho.
Ijumaa iliyofuata Azzan akaja na nazi tatu za Salala,
akazivunja kwenye kizingiti, maji yakamlowesha kanzu.
Nikakaa.
Meno yalikuwa na kutu, nimeyasugua kwa mchanga na ndimu,
na mkwaruzo wa kwanza ulikuwa mbaya, kama mlango.
Wa pili ukapata njia.
Khwaru, khwaru.
Sinia likaanza kuwa jeupe.

Nyumba ya jirani anaishi Bi Ghaniya.
Miaka miwili tunampitia na risala na tende,
miaka miwili anajibu kupitia mjukuu: amelala.
Anatuona wachimbaji wa vumbi la watu.
Sasa tukasikia fimbo juu ya mawe,
kisha mkono ukutani, ukipapasa chaki ya Muhanna,
kisha yeye mwenyewe, mdogo kuliko sauti yake,
kasimama nje ya mlango, jua mgongoni.

"Nani anakuna?"

Hakuuliza kwa Kiarabu.
Na mimi, mwenye maneno yote hayo,
nikaweza tu kuinua kifuu.

Akaingia. Akachungulia sinia,
akalisogeza kwa ncha ya fimbo karibu na ulimi.
"Chicha msitupe," akasema.
"Na huyo mbuzi mrudisheni kwangu nikifa,
si kabla. Leo kuna wali?"