Fulana Mbili za Pamba

Nilizifukia Machi, kabla masika hayajakaza,
fulana mbili za Baba, pamba tupu,
zilizobaki sandukuni watu walipokwisha kugawana koti na viatu.
Moja nyuma ya jiko, pale Mama anapomwaga majivu,
maganda ya ndizi, mavi ya kuku, maji ya kuoshea vyungu.
Ya pili katikati ya mahindi,
kwenye ile robo ekari inayoteremka kutoka barabara ya Chavakali,
inayolishwa kwa kizibo cha soda
tangu nikiwa darasa la kwanza.

Kizibo kimoja, shimo moja.
Baba hakuwa na mchezo juu ya hilo:
"Usimwage, Kageha. Hiyo ni karo."
Na kweli ilikuwa karo. Siitukani mbolea kwa kuwa nimesoma;
nimesoma kwa sababu ya zile punje za kijivu.
Kizibo kwa kizibo hujaza kibaba,
na kibaba kilijaza magunia sita, mwaka ule wa mabati,
majirani wakaja kuyapapasa mabua
kama watu wanaokagua ng'ombe wa mahari.

Kisha manne.
Kisha mawili na debe.
Baba akaongeza kizibo.
Kayongo likachanua zambarau kwenye mizizi ya mahindi,
zuri, la kupambia harusi,
naye akalaumu mbegu, akalaumu mvua,
akamlaumu Kadenyi wa duka, eti anachanganya na chumvi.

Mei nikafukua.
Nyuma ya jiko niliokota mishono tu
na kile kipande cha nailoni chenye namba ya saizi.
Pamba yote ilikuwa imeliwa.
Wageni nisiowajua kwa majina, wembamba kuliko unywele,
walikaa karamuni gizani, wakala, wakapangusa midomo,
wakaacha nyuzi nyeupe za kuvu na harufu ya mvua ya kwanza.

Ya shambani ilitoka nzima.
Imegeuka rangi tu, kama chai ya mkandaa.
Hata kitundu cha sigara begani kilikuwa pale pale.
Nikaushika udongo, nikaunusa: hakuna kitu.
Sahani ya kuazima iliyorudishwa tupu.
Nyungunyungu hata mmoja.
Miaka thelathini tulimtafunia huyu mtoto,
leo tunashangaa hana meno.

Mama alinipokonya ile fulana.
Karatasi ya maabara hakuitazama, wala neno tindikali hakulitaka.
Aliifua kwa kipande cha sabuni, akaianika.
"Umeona? Hata ardhi imemstahi."

Nikanyamaza.
Kwa maana Baba mwenyewe yuko pale pale,
hatua tatu chini ya mstari wa mwisho wa mahindi, tangu Agosti,
na lipo swali ambalo haulizwi mjane:
nani amempokea?

Asubuhi ya tatu nilimkuta ameinama huko chini,
karai limejaa samadi, majivu, makapi ya maharagwe.
Alikuwa akinyunyiza kwa vidole,
kama anayetia chumvi chakula cha mgonjwa.
Hakugeuka.
Mfukoni mwa aproni yake kizibo kilikuwa kikigongana na funguo.
Sikumwambia akitupe.