Deni Bila Kistari

Dundee, Januari, dobi ya hospitali,
saa nane za usiku. Mashine kumi na moja
zinakoroma na shuka za watu nisiowajua.
Mfukoni mwangu barua ya benki:
pauni mia tatu na arobaini,
na mbele yake kistari kidogo,
mwiba wa samaki uliokwama kooni.

Meno ya bandia ya mama, Korogwe. Mabati ishirini.
Sijutii hata bati moja.

Eilidh Petrie, asomaye hisabati mchana
na kukunja foronya nami usiku,
akaichungulia barua bila kuombwa.
"Hicho kistari," akasema, "ni uvivu wa kumi yenu. Njoo."
Akaandika kwa kidole
kwenye dirisha lililolowa mvuke.

Sisi tunahesabu kwa kumi. Mamoja, makumi, mamia,
wote wanavuta upande mmoja
kama ukoo siku ya harusi.
Yeye akachukua kumi hasi.
Mamoja yanaleta, makumi yanakula,
mamia yanaleta, maelfu yanakula tena;
huyu akipanga, jirani yake anapangua.

Kumi na tisa, basi, ni nini?
Kumi imeliwa, tisa zimeletwa:
pungufu kwa moja.
Nje ilikuwa hasi saba; kwake, kumi na tatu.
"Ungetoka bila koti," nikamwambia,
akacheka mpaka foronya ikamponyoka.

Na deni langu? 1740.
Elfu imeondoka, mia saba zimerudi,
arobaini zimeondoka, sufuri imekaa tu.
Nikaitazama. Haina mwiba.
Imevaa kama namba nyingine yoyote
iendayo kazini.

Utajuaje, basi, nani anadaiwa?
Hesabu tarakimu zenyewe.
Zikiwa witiri, unacho. Zikiwa shufwa, unadaiwa.
Yeye alisema kwa Kiingereza;
mimi ndiye niliyesikia witiri,
rakaa ya bibi yangu ya mwisho kabla ya kulala,
nikaikuta hapa, kwenye kioo chenye jasho,
ikikagua vitabu vya benki.

Dawa ya deni kulipa, hilo nalijua.
Lakini kulipa kunaonekanaje?
Chini ya 1740 akaandika 460,
ambazo ni mia tatu na arobaini za kuwa nazo:
mia nne, toa sitini.
Tukajumlisha.
Sufuri na sufuri, sufuri.
Nne na sita, kumi. Andika sufuri,
na ile moja ya mkononi hapa huibebi, unaitoa.
Saba na nne, toa moja: kumi tena.
Sufuri. Toa moja.
Na moja, toa moja...
Deni likaisha kutoka kulia kwenda kushoto
kama mkeka unaokunjwa.

Mashine ya nne ikalia, akaifuata.
Nikabaki na kioo.
Juu kwenye fremu tone likajikusanya,
likasita, likateleza,
likafuta sufuri ya mwisho ya deni langu.

174.
Tarakimu tatu. Witiri.
Mia, toa sabini, ongeza nne.

Kwa muda wa dakika nzima
nilikuwa na pauni thelathini na nne,
na sikumwambia mtu.