Lango Dogo

Miaka kumi na tisa nafungua malango ya maji Ahero,
naujua mpunga ulionyweshwa na mpunga ulionyimwa.
Ya tumboni mwangu sikuyajua.

Maumivu yalikuja kama mdai:
chini ya chembe ya moyo, kisha yakatoboa hadi mgongoni,
nami nimejikunja juu ya tuta kama mundu,
natapika hadi nyongo.
"Kongosho," wakasema zahanati,
na kabla neno halijatua: "Unakunywa kiasi gani?"

Sinywi.
Tangu nibatizwe sijaonja hata busaa ya matanga.
Lakini kongosho lina jina baya kwetu.
Apondi, mke wangu, akaanza kuninusa nilalapo.
Daftari la sadaka likahamia mikono mingine,
bila kikao.
Nilipolazwa mara ya nne nilitamani ningekuwa mlevi,
walau nijue ninalipia nini.

Kisumu, chini ya feni mbovu, Daktari Simatwa
aligeuza karatasi ya vipimo, akachora nyuma yake
mifereji miwili.
"Hii huungana mtoto akiwa bado wiki chache tumboni.
Yako haikuungana. Mfereji mkubwa ukakosa lango lake,
ukamwaga maji yote kwenye kilango cha mdogo."
Nikacheka. Akashangaa.
Daktari, hiyo ndiyo kazi yangu!
Ukisukuma maji ya ekari mia
kwenye kitundu cha kunyweshea kitalu,
tuta likipasuka, utalilaumu tuta?
"Basi," akasema, "tutapanua kilango."

Nilimpigia mama simu. Akanyamaza.
"Hiyo ingekuwa Machi," akasema.
"Machi ile nilibeba matofali ya shule."
Mama, si matofali.
Akaniuliza tena kesho yake, na keshokutwa.

Usiku kucha bila tonge wala tone.
Muuguzi Muhonja akanilaza, akanipachika kizibo baina ya meno.
"Hesabu ng'ombe wako." Nikatikisa kichwa: sina.
"Basi wa jirani."
Nilifika ng'ombe wa tatu wa Odiero,
nusukaputi ikanichukua.

Mengine nilisimuliwa:
mrija wenye jicho ukashuka kooni, ukavuka tumbo,
ukapinda utumboni kutafuta tundu
lisilozidi kichwa cha pini.
Mara mbili waya uliteleza.
Ya tatu ukaingia.
Mkato wa milimita nne, kwa kisu cha umeme,
na kijirija cha plastiki, chembamba kuliko bua la mpunga,
kikaachwa pale kama mguu mlangoni.

Sikuamka shujaa.
Koo liliwaka, na usiku ule maumivu yakarudi;
nikamlilia fahali wa shemeji aliyeuzwa bure.
Siku ya pili yakalegea.
Ya nne, uji wa wimbi, vijiko sita.
Ukakaa.

Baada ya wiki kadhaa kijirija kilitolewa.
Daktari hakuapa. "Lango laweza kujibana tena.
Ukihisi, usingoje."
Namheshimu mtu asiyedanganya kuhusu maji.

Karatasi yake ninayo, imechakaa mikunjoni.
Sabato iliyopita nilimwonyesha shemasi.
Akaitazama, akaigeuza juu chini:
"Hii ni ramani ya skimu?"
Ndiyo, nikamwambia,
nikairudisha mfukoni.