Mkia wa Jina

Jina lako Mbwana, la babu yake baba yako,
lakini watoto wa Majengo walilikata mkia
wakawa wanabweka nyuma ya kiti chako cha magurudumu,
kile chenye gurudumu moja linalolia.
Ulicheka nao. Ulibweka kuwashinda wote.

Leo nalipitisha jina lako mlango kwa mlango.
Nina mkebe wa Kimbo, kifuniko nimekitoboa kwa kisu,
na daftari la kurasa tisini na sita,
lile ulilochora duara moja tu nyuma yake
kabla mkono haujakukatalia.

"Mchango wa nini, Mama Mbwana?"
Wa mbwa.
"Wa nini?"
Wa mbwa anayefunzwa kumlinda mtoto wa kifafa,
kumlalia miguu isijigonge sakafuni,
kubonyeza kengele mamake akiwa jikoni,
kulinusa lile jambo kabla halijafika.
"Kwani binadamu wamekwisha?"
Hawajesha. Ila hulala. Hata mimi nililala.

Muuza nyama wa Mwembe Kuku alinifungia mifupa gazetini,
"Mwanzo ndio huo," akacheka na wateja wake.
Niliichukua. Nimeandika: mifupa, kilo mbili.
Bi Zuhura wa mahamri, hamsini.
Vijana wa tuktuk wa Sabasaba, mia tatu na arobaini,
noti moja imeungwa kwa selotepu.
Yule nesi aliyekufumba macho, elfu moja,
hakutaka risiti.

Maalim Shee alinikaribisha barazani.
"Mate yake ni najisi, Mwanasiti.
Chombo huoshwa mara saba, moja kwa mchanga."
Najua, maalim.
Nimefua godoro la Mbwana miaka kumi na mmoja,
alfajiri, kabla majirani hawajaamka na pua zao.
Saba si hesabu ya kunitisha.
Alinyamaza. Alipapasa mfukoni, akatoa mia mbili,
akataka niandike "mja" tu, bila jina.

Hili sijamwambia mtu, nakwambia wewe.
Siku ile yule koko mwekundu wa jalalani, mwenye sikio nusu,
alikuja kizingitini akalia.
Hakubweka. Alilia kama mtu aliyefiwa.
Mara ngapi alikuja hivyo, nami sikuunganisha.
Nilishika kipande cha tofali
nikamfuata mpaka mtaroni, nikimtukana mamake,
nikampata mguuni,
nikarudi nikipangusa mikono, mshindi.
Sufuria ilikuwa inatokota.
Kiti chako kilikuwa kimelala ubavu,
na lile gurudumu linazunguka
bila kulia.

Sasa tuna laki moja, elfu kumi na mbili, mia tatu na hamsini.
Inatakiwa laki nne na nusu, kwa mbwa mmoja,
kwa Kache wa Mikindani, ana miaka saba,
mamake hulala na kamba:
ncha moja kiganjani mwake, ncha nyingine kwa mtoto.
Ameniuliza kama mbwa huyo aitwe Mbwana.
Nilicheka mpaka nikashika ukuta,
mara ya kwanza tangu Mfunguo Nne.
La, nilimwambia. Atakuja na lake.

Ila kwenye jalada la daftari,
kwa kalamu yako nyekundu, nimeandika
MBWA NA
nikaacha nafasi.

Koko yule bado yupo. Anachechemea.
Akiniona huvuka barabara.
Jana niliifungua ile mifupa ya gazetini,
nikaiweka kando ya mtaro,
nikarudi nyuma hatua saba,
nikangoja.